Mbio Juu ya Maji: Njia za Wakimbiaji Katika Vinamasi vya Hautes Fagnes

Mkimbiaji anayefika Mont Rigi asubuhi ya Jumamosi haanzi kwa kutazama saa yake wala viatu vyake. Hutazama mlingoti. Bendera nyekundu ikiwa imepandishwa, safari ya kukatiza kinamasi imekwisha kabla haijaanza: hatari ya moto ni kubwa, na njia zinazopita ndani ya hifadhi zimefungwa kwa wote, anayekimbia na anayetembea polepole. Hapo atageuka na kushuka kwenye mabonde yenye misitu nje ya hifadhi, au atarudi siku nyingine.

Mont Rigi ipo katika Hautes Fagnes, uwanda wa juu ulioko mashariki mwa Ubelgiji, kati ya miji ya Eupen, Malmedy, Spa na Verviers, ukipakana na Ujerumani. Wanaozungumza Kijerumani huuita Hohes Venn. Kilele chake, Signal de Botrange, kina mita 694 juu ya usawa wa bahari, na hakuna ardhi ya juu zaidi katika Ubelgiji nzima. Mwaka 1923 pakajengwa hapo kichuguu cha mita 6 chenye ngazi ili anayepanda afikishe mita 700 kamili. Kilipewa jina la Jenerali Herman Baltia, aliyetawala wilaya za Eupen na Malmedy baada ya Ujerumani kuzipoteza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mnara wa mawe ulifuata mwaka 1934, nao bado umesimama.

Urefu, hata hivyo, sio unaowavuta wakimbiaji. Wanavutwa na ardhi yenyewe, ambayo kwa kweli si ardhi kamili wala si maji kamili.

Mvua na theluji inayoanguka hapa kwa mwaka hufikia takriban milimita 1,400, na kwa kuwa ni baridi na ukungu ni mwingi, maji hayakauki haraka. Katika unyevu huo hustawi sfagnamu, mmea mdogo, laini, usio na mizizi, unaofyonza maji kama sifongo hadi kufikia karibu mara 20 ya uzito wake ukiwa mkavu. Sfagnamu hukua kwa juu huku sehemu ya chini ikifa. Kilichokufa huzama kwenye maji yenye asidi na yasiyo na hewa ya kutosha, kwa hiyo hakiozi sawasawa. Hurundikana, hushindiliwa na kugeuka peati, udongo mweusi wa mimea ambao zamani ulikatwa vipande kama matofali, ukaanikwa na kuchomwa majikoni badala ya kuni.

Kazi hiyo huenda taratibu mno. Peati huongezeka kwa takriban milimita 1 kwa mwaka. Kinamasi hiki kilianza kujengeka baada ya enzi ya barafu kwisha, yapata miaka 10,000 iliyopita, na mahali penye kina kirefu tabaka lake linapita mita 6. Mkimbiaji anayeacha njia na kuzamisha kiatu sentimita 10 anakanyaga kazi ya karne moja. Kwa kipimo hicho cha muda, sheria za Hautes Fagnes zinazoonekana kali kwa mgeni zinaanza kueleweka.

Hifadhi ilitangazwa mwaka 1957, baada ya kupiganiwa kwa miongo mingi. Miongoni mwa waliotangulia kuipigania alikuwa Léon Fredericq, mtaalamu wa fiziolojia wa Chuo Kikuu cha Liège, aliyeeleza mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba uwanda huu una mimea na wanyama waliosalia tangu enzi ya barafu. Mwaka 1924 alifungua kituo cha utafiti hapo hapo Mont Rigi. Mwaka 1935 ikaundwa jumuiya ya Les Amis de la Fagne, yaani marafiki wa kinamasi, ambayo ilishikilia hoja ya ulinzi hadi serikali ikakubali. Leo hifadhi ina zaidi ya hekta 4,000, na imegawanywa kwa herufi. Katika eneo B mtu anaruhusiwa kupita kwa miguu kwenye njia zenye alama pekee. Eneo C linahitaji kiongozi anayetambuliwa rasmi. Eneo D limefungwa kabisa.

Kwa mkimbiaji, maana yake ni kwamba ramani ya mbio zake imechorwa na B.

Njia inayofaa kwa anayeanza ni mzunguko wa Fagne de la Poleûr, unaoanzia karibu na Mont Rigi. Una kama kilomita 4, na sehemu yake kubwa ni njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya kinamasi. Ni mwendo mfupi, lakini mguu hujifunza mengi. Mbao zikiwa kavu, hatua hurudi haraka na kwa sauti. Zikilowa au kushika ukungu wa asubuhi huteleza vibaya sana, hasa kwenye kona. Wazoefu hufupisha hatua, huweka mwili juu ya miguu badala ya kuuelekeza mbele, na hutazama ubao wa tatu au wa nne, si ule wanaoukanyaga. Wakikutana na familia yenye watoto, au mtu katika kiti cha magurudumu kwenye sehemu iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, husimama na kupisha. Hakuna pa kupitia pembeni.

Hilo la kupisha lina uzito kuliko adabu ya njiani. Penye udongo wa kawaida, mtu anayekwepa tope kwa kupita kando huacha alama inayofutika baada ya mvua chache. Kwenye peati, wa kwanza anayekwepa hukanyaga sfagnamu na kutengeneza shimo. Shimo hujaa maji. Wa pili hulikwepa kwa kwenda mbali zaidi, na wa tatu zaidi ya huyo. Baada ya msimu mmoja njia ya mtu mmoja imekuwa bwawa la tope lenye upana wa barabara. Dawa yake ni kupita katikati, kwenye tope lenyewe, na kukubali viatu kulowa. Anayetaka kumaliza na soksi kavu afadhali achague mahali pengine.

Nje ya mbao kuna njia za aina nyingine, na nyingi ni za kale kuliko hifadhi. Ipo Via Mansuerisca, barabara iliyojengwa kwa kulaza magogo juu ya peati, na ambayo hati ya mwaka 670 inaitaja kwa jina. Ipo Vecquée, njia ya ukingoni iliyokuwa mpaka kati ya milki ya maaskofu wa Liège na ile ya watawa wa Stavelot na Malmedy. Na kuna safu ya mawe yenye herufi B upande mmoja na P upande wa pili: Ubelgiji na Prussia. Hadi mkataba wa Versailles ulipousogeza mpaka upande wa mashariki, mtu aliyekatiza uwanda huu alitoka nchi moja na kuingia nyingine. Siku hizi mkimbiaji huyapita mawe hayo bila kupunguza mwendo. Zamani hayakupitika kirahisi hivyo.

Karibu na mojawapo ya mawe hayo umesimama msalaba wa mbao unaoitwa msalaba wa wachumba. François Reiff alikuwa kibarua katika ujenzi wa bwawa la Gileppe. Marie Solheid alikuwa mtumishi wa shambani. Januari 21, 1871, waliondoka Jalhay kwenda Xhoffraix, kijiji cha kina Marie kilichokuwa upande wa Prussia, kuchukua hati za ndoa. Theluji iliwakuta juu ya uwanda. Miili yao ilipatikana mwezi Machi theluji ilipoyeyuka, ikiwa mbali mmoja na mwingine, na juu ya mwili wa Marie kulikuwa na karatasi ambayo François aliandika kwamba mwenzake ameshakufa na yeye yuko mbioni kufuata.

Kisa hiki si cha kutisha watoto. Uwanda ni tambarare, hauna mti wa kukumbukwa wala kilima cha kulengea, na ukungu ukishuka kila upande unafanana na mwingine. Ndiyo sababu Michel Schmitz, aliyejenga kibanda hapo mwanzoni mwa karne ya 19, anakumbukwa kwa kuokoa wasafiri waliopotea, na kituo cha Baraque Michel kikabaki na jina lake. Ng'ambo kidogo ya hapo lipo kanisa dogo la Fischbach, lililojengwa na tajiri mmoja wa familia ya Fischbach katika miaka ya 1830. Mnara wake uliwekwa taa ili iwaonyeshe njia waliokuwa gizani, na kengele ililia wakati wa ukungu. Mkimbiaji wa leo ana simu yenye ramani. Simu huishiwa chaji haraka kwenye baridi, na waongozaji wa hapa hawachoki kusema: chukua koti, chukua filimbi, mwambie mtu unapokwenda.

Turudi kwenye bendera, maana ina historia ambayo wengi hupita juu yake bila kujua.

Msitu mweusi wa misonobari unaouzunguka uwanda haukuwapo miaka 200 iliyopita. Katikati ya karne ya 19 mabwana wa Ubelgiji na wa Prussia waliyaona maeneo haya kuwa ardhi iliyokaa bure. Sheria ya Ubelgiji ya mwaka 1847 ilizisukuma wilaya kuziendeleza ardhi za pamoja au kuziuza, na zao lililochaguliwa likawa msonobari unaokua haraka na kuuzwa kama nguzo na mbao. Msonobari hautaki kusimama ndani ya maji, kwa hiyo ilichimbwa mitaro, mamia kwa mamia, kuyatoa maji kwenye peati na kuyapeleka mabondeni. Mitaro hiyo bado inaonekana: mkimbiaji anayetoka kwenye msitu kuingia uwanda huiruka mmoja baada ya mwingine, mistari iliyonyooka kupita kiasi kuwa kazi ya maumbile.

Peati iliyokaushwa haihimili sfagnamu tena. Nafasi yake huchukuliwa na molinia, nyasi ndefu inayomea kwa mashungi magumu. Kila majira ya baridi molinia hunyauka na kuacha majani makavu ya rangi ya manjano yaliyotanda uwanda mzima. Machi na Aprili, kabla nyasi mpya hazijachipua, upepo mkavu wa mashariki unapovuma siku kadhaa mfululizo, kilichobaki ni cheche tu. Aprili 2011 moto uliteketeza zaidi ya hekta 1,000. Mahali paitwapo Noir Flohay, misonobari iliyoungua imebaki imesimama, vigogo vilivyokufa juu ya nyasi, na leo ni mahali panapopigwa picha kuliko pengi katika hifadhi.

Kwa hiyo bendera inayomzuia mkimbiaji wa leo ilianza kushonwa na jembe la aliyechimba mtaro katika karne ya 19. Maji yalipoondolewa, nyasi iliingia; nyasi ilipoingia, moto ulipata chakula; moto ulipopata chakula, njia zikaanza kufungwa. Na kinyume chake ni kweli pia: kadiri kinamasi kinavyolowa, ndivyo kinavyoweza kubaki wazi kwa watu. Wakimbiaji wanaolalamikia tope wangefaa kulitetea, kwa kuwa tope ndilo linalowapa siku nyingi zaidi za kukimbia.

Kazi ya kurudisha maji imeshaanza. Kati ya mwaka 2007 na 2012 ulitekelezwa mradi mkubwa uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya. Misonobari ilikatwa katika maeneo yasiyoifaa, mitaro ikazibwa kwa udongo na mbao, yakajengwa matuta ya kuzuia maji, na mahali pengine tabaka la juu lenye molinia likakwanguliwa ili mbegu za zamani zilizolala chini zipate mwanga. Kondoo pia walipewa kazi yao ya kula nyasi. Anayepita sasa kwenye sehemu hizo huona madimbwi yenye ukingo wa kijani kibichi, na mwezi Juni pamba-nyasi hutoa vishungi vyeupe vinavyotikisika hadi upeo wa macho.

Madimbwi mengine ni ya kale mno. Yapo mabwawa ya mviringo yenye kingo zilizoinuka ambayo wenyeji waliyaita mabwawa ya samaki, wakiamini yalichimbwa na watu. Wanasayansi wakabaini kwamba ni masalia ya vilima vya barafu vilivyovimba chini ya udongo zaidi ya miaka 11,000 iliyopita, kisha vikayeyuka na kuacha mashimo. Ni jambo la nadra sana Ulaya kuliona kwa wazi namna hii.

Maji ya uwanda hayaishii uwandani. Mto Vesdre na tawimto lake Helle huanzia huku juu, na Hoëgne vilevile. Wakimbiaji hupenda Hoëgne zaidi ya bonde lolote, kati ya Hockai na Solwaster: mto unaruka juu ya mawe, na njia inavuka upande huu na ule kwa madaraja ya mbao, mizizi ikitambaa chini ya miguu. Njia hiyo ina jina la Malkia Marie-Henriette, na mojawapo ya maporomoko yake lina jina la mumewe, Leopold II. Msomaji wa Kongo hatalipita jina hilo kimyakimya. Mfalme aliyeifanya nchi nzima kuwa mali yake binafsi, na ambaye chini ya utawala wake watu walikatwa mikono kwa ajili ya mpira, ameachwa katika bonde la kupunga upepo kana kwamba jina lake ni la kawaida. Marie-Henriette mwenyewe aliishi mbali naye, katika mji wa karibu wa Spa, na ndiko alikofariki mwaka 1902.

Julai 2021 mito hiyo iligeuka balaa. Mvua ya siku chache ilifurisha bonde la Vesdre, ikabomoa nyumba Limbourg, Verviers na Pepinster, na watu 39 wakapoteza maisha katika mkoa wa Wallonia. Njia ya Hoëgne nayo iliharibika. Mvua ile ilikuwa kubwa kiasi kwamba hakuna kinamasi kingeizuia peke yake, na atakayedai vinginevyo atawadanganya waliofiwa. Lakini mitaro inayoteremsha maji kwa kasi kutoka kwenye uwanda hadi kwenye milango ya watu imeingia katika mjadala wa jinsi bonde lijengwe upya, na ilistahili kuingia zamani.

Kongo inarudi katika habari hii kwa sababu nyingine, nayo ni peati. Mwaka 2017 Greta Dargie na Simon Lewis wa Chuo Kikuu cha Leeds, pamoja na Ifo Suspense wa Chuo Kikuu cha Marien Ngouabi cha Brazzaville na wenzao, walichapisha ramani ya peati iliyo chini ya misitu ya kinamasi katikati ya bonde la Kongo. Walikadiria eneo la kilomita za mraba 145,500 lenye takriban tani bilioni 30 za kaboni. Hautes Fagnes ni punje mbele ya ukubwa huo, lakini inaonyesha kwa uwazi kile kinachofuata mitaro ikichimbwa: miaka 100 ya kukausha, na kisha kizazi baada ya kizazi cha kutumia fedha nyingi kurudisha maji yaliyokuwapo bure. Peati imefunika takriban asilimia 3 tu ya nchi kavu ya dunia, na bado kaboni iliyomo inazidi ile iliyo katika mimea ya misitu yote.

Sababu ya mwisho ya kufungwa kwa njia ina manyoya. Tetrasi ni ndege wa jamii ya kwale. Dume lake ni jeusi lenye mkia uliopinda pande mbili, na ndiye nembo ya hifadhi. Majira ya kuchipua, alfajiri, madume hukusanyika kwenye uwanja mmoja ili kujionyesha kwa majike. Saa hizo ndizo anazozipenda mkimbiaji. Ndege aliyeshtushwa huacha uwanja, na wakati wa baridi kuruka ghafla humgharimu nguvu ambazo chakula haba hakizirudishi. Kufikia mwaka 2017 tetrasi wa Hautes Fagnes walikuwa wamebaki wachache mno, ndipo Chuo Kikuu cha Liège kikaanza kuwaleta wengine kutoka Sweden. Katika msimu wa kuzaliana maeneo kadhaa hufungwa hata kwa waongozaji. Mbwamwitu wa Ulaya naye amerejea kwa miguu yake mwenyewe: mwaka 2021 kundi la hapa lilizaa watoto.

Siku ambazo uwanda umefungwa, mahali pa kukimbia bado papo, na baadhi ni pazuri kweli. Kutoka kijiji cha Ovifat njia hushuka hadi kwenye ngome ya Reinhardstein na bwawa la Robertville, au hupanda kufuata kijito cha Bayehon hadi kwenye maporomoko yake, mialoni na mibetula ikichukua nafasi ya misonobari. Njia ndefu za GR 56 na GR 573 huunganisha mabonde haya kwa anayetaka kukimbia siku nzima. Kwa anayehitaji ardhi tambarare kuna Vennbahn, reli ya zamani iliyogeuzwa njia ya baiskeli na miguu, kilomita 125 kutoka Aachen hadi Troisvierges nchini Luxembourg. Mkataba wa Versailles uliipa Ubelgiji reli hiyo hata mahali inapopita ndani ya Ujerumani, kwa hiyo vipo vipande vya Ujerumani vilivyotengwa na nchi yao kwa upana wa reli.

Anayefika kwa mara ya kwanza afanye hivi: apande basi kutoka Eupen au Verviers, ashuke Mont Rigi, asome ubao wa tahadhari, kisha aende Poleûr kwa miguu kabla ya kuikimbia. Viatu viwe na meno ya kushika mbao na vitoe maji upesi. Aprili aulize kwanza juu ya bendera; Novemba aulize juu ya ukungu. Na akikuta kamba imefungwa njiani penye mafundi wanaoziba mtaro, azunguke kwa njia ndefu, kwa sababu kile wanachokizuia pale ni maji atakayoyakimbilia juu yake miaka ijayo.